Vitabu vya ufundi wa gofu vinasaidia kweli chipu na puti zako? Inategemea unasoma ukurasa gani

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka aondoke nalo: vitabu vya ufundi vinasaidia mchezo wa karibu na grini (yale majani mafupi yenye shimo), yaani chipu, mkwaju mfupi wa kuurusha mpira uingie grini, na puti, wa kuubingirisha mpaka shimoni, ila vinasaidia kichwa kuliko mikono, na mchezaji wa ridhaa akivisoma kwa ajili ya mikono mara nyingi anatoka ameharibikiwa zaidi ya alivyoingia. Hapo sasa ndo maelezo yanapoanza, maana watu wakibishana kuhusu hili wanaongea kama vile "kitabu cha gofu" ni kitu kimoja, wakati ndani ya kitabu kimoja kuna mambo matatu tofauti yamechanganywa: mwili ufanye nini, fimbo na ardhi vinafanya nini vikikutana, na wewe uamue nini kabla hujapiga. Haya matatu hayajifunzwi kwa njia moja hata kidogo.

Si unamjua yule jamaa wa kila klabu, iwe Lugalo, Gymkhana Arusha au Karen kule Nairobi, hendikapu yake (kipimo cha kiwango, ndogo ndo bora) ni 22 na haijashuka miaka, kwenye buti la gari ana vitabu vitatu vya Wamarekani, anaweza kukueleza uzito uegemee mguu gani na kifundo cha mkono kikae vipi, halafu yuko hatua kumi na tano kutoka kwenye bendera anachimba udongo mpira unasogea hatua mbili, anarudia, safari hii anaugonga tumboni unaondoka kama risasi mpaka upande wa pili wa grini. Wenzake wanasema vitabu vimemharibu. Mwenyewe anasema hajapata muda wa mazoezi. Wote wana ukweli kidogo.

Ila kabla ya hapo kuna swali linalotangulia, nalo ni hili: hivi huu mchezo wa karibu una uzito gani kwenye skoa yako, yaani jumla ya mikwaju yako? Kwasababu vitabu vingi vinauzwa kwa hoja kwamba hapo ndo kila kitu. Aliyeisukuma sana hoja hiyo ni Dave Pelz, aliyewahi kuwa mtafiti NASA kabla hajahamia gofu, na mwaka 1999 akatoa kitabu kinene cha zaidi ya kurasa 400 kuhusu mikwaju ya ndani ya yadi 100 peke yake. Alikuwa anatembea na wachezaji wa kulipwa anaandika kila mkwaju ulipoangukia, na hesabu yake ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya mikwaju yote inapigwa ndani ya hizo yadi 100. Ni kweli, hesabu haidanganyi. Lakini ndani ya hesabu hiyo zimo puti za sentimita thelathini ambazo hata bibi yangu angezitumbukiza, na mkwaju ambao kila mtu anaufanikisha hauwezi kumtofautisha mzuri na mbovu.

Mark Broadie, profesa wa biashara pale chuo kikuu cha Columbia, ndo alikuja kuligeuza hili kwenye kitabu chake cha 2014. Badala ya kuhesabu mikwaju, alipima kila mkwaju umekuokolea au umekupotezea kiasi gani ukilinganisha na kawaida ya watu kutoka umbali uleule, na alichokikuta ni kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya mchezaji bora na mchezaji dhaifu inatoka nje ya yadi 100, kwenye draivu (mkwaju mrefu wa kuanzia shimo) na aini ndefu (fimbo za chuma). Theluthi moja tu ndo inabaki kwa chipu, banka (mashimo ya mchanga), pichi (mkwaju mfupi wa juu) na puti. Kwenye puti wachezaji wa PGA Tour, ligi ya kulipwa ya Marekani, wanatumbukiza nusu tu ya puti za futi 8, na mtu anayepiga skoa ya 90 nusu yake iko kwenye futi 5 hivi. Yaani pengo lipo ila sio kubwa kama tunavyolifikiria tukiangalia mashindano ya Masters kwenye tivii, pale wanapoonyesha zinazoingia tu.

Sasa mtu atasema basi tuache chipu tukapige draivu. Hapana bwana. Ukiwa na miaka 50 na kazi ya ofisini, kuongeza yadi 20 kwenye draivu ni shughuli ya mwili mzima, jimu, mgongo, pengine fimbo mpya, wakati kuacha kuchimba udongo kwenye chipu ni kitu ambacho mtu wa kawaida anakiweza kwa mwezi mmoja wa kujituma. Theluthi moja ni ndogo, ila ndo theluthi inayofikika kwa bei rahisi. Kwa hiyo mtu anayetafuta msaada hapo hajapotea, swali ni msaada wa aina gani.

Tuje kwenye mwili. Hapa ndo vitabu vina kurasa nyingi zaidi na hapa ndo vinafaa kidogo zaidi. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Richard Masters alichukua watu ambao hawajawahi kucheza gofu akawafundisha kuputi. Kundi moja alilipa maelekezo ya kina yaliyoandikwa, yaani kama ukurasa wa kitabu, wakaambiwa wayafuate kwa makini. Kundi lingine halikupewa maelekezo yoyote, na juu yake wakapewa kazi ya kutaja herufi ovyo ovyo kwa sauti huku wanaputi, ili kichwa kisipate nafasi ya kujiundia kanuni. Puti mia nne za mazoezi. Wakati wa mazoezi kundi la maelekezo lilikuwa linafanya vizuri zaidi, hilo lazima tuliseme, maana wanaopinga vitabu wanapenda kuliruka. Kisha akaleta presha, pesa mezani na mtaalamu wa gofu anawaangalia, na hapo waliosoma maelekezo wakakwama, wakati wale waliojifunza bila maneno waliendelea kupanda tu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba ukiwa na presha kichwa kinaanza kuchambua kile kinachojua kukisema, na mwenye sentensi nyingi kichwani ana vitu vingi vya kuchambua katikati ya mkwaju. Asiye na sentensi hana cha kuchambua, anapiga tu.

Miaka 7 baadae Gabriele Wulf na wenzake wakafanya jaribio lingine, safari hii pichi za aini 9 na watu wapya kabisa kwenye gofu. Wengine waliambiwa wafikirie jinsi mikono yao inavyobembea, wengine wafikirie jinsi fimbo inavyobembea. Ni hivyo tu, maelekezo mengine yote yalikuwa yaleyale. Waliofikiria fimbo walikuwa karibu zaidi na shabaha, siku hiyo na hata siku ya pili walipojaribiwa bila kukumbushwa chochote. Fungua sasa kitabu chochote cha ufundi uangalie sentensi zake zimeelekea wapi: kiwiko, bega, kifundo, goti, uti wa mgongo. Karibu zote ziko kwenye mwili, ambako ndo pabaya pa kuelekeza akili wakati unapiga.

Halafu kuna utafiti wa 2008 wa Flegal na Anderson ambao mimi binafsi naupenda kwasababu unachekesha kidogo. Walichukua wachezaji wa gofu, wakawapa puti ya kuizoea, baadae nusu yao wakaambiwa waandike kwa dakika tano kila wanachokumbuka kuhusu jinsi walivyoipiga, nusu nyingine wakapewa kazi isiyohusiana kabisa. Waliporudi kuputi, wale wazuri walioandika walihitaji majaribio karibu mara mbili ya wazuri wenzao ambao hawakuandika. Wale wa kiwango cha chini haikuwasumbua sana. Hapo kuna funzo la pande mbili. Ukiwa mgeni kabisa wa mchezo maelezo ya maneno hayakudhuru sana, na kuna vitu lazima uambiwe, kama kusimama wapi na fimbo inashikwaje, huwezi kuvibuni mwenyewe. Ila ukishafika mahali chipu inatoka bila kuifikiria, kila ukurasa mpya wa "kiwiko kikae hapa" unaweza kubomoa kitu ambacho tayari kinafanya kazi. Na wanunuzi wakubwa wa vitabu hivi ni nani? Nionavyo mimi ni watu wa katikati, wenye hendikapu 12 mpaka 20, wanaojua kidogo na wanataka zaidi. Wako palepale kwenye hatari.

Jambo jingine linalomuua mtu wa katikati ni kwamba vitabu vyenyewe vinapingana, na yeye anavichanganya. Pelz alikuwa anataka fimbo ya kuputi irudi nyuma na kwenda mbele kwenye mstari ulionyooka. Stan Utley, mwalimu mwingine maarufu wa Marekani, anafundisha ibembee kwenye tao. Kwenye chipu, mafundisho ya zamani yanasema mpira uweke nyuma karibu na mguu wa kulia, mikono itangulie mbele, wengine wanasema hapana, uweke katikati na uache kitako cha fimbo kiteleze kwenye majani. Mfumo wowote kati ya hiyo unaweza kufanya kazi ukiuchukua mzima. Sasa jamaa anachukua mpira nyuma kutoka kitabu cha kwanza, mikono laini kutoka cha pili, na kitu kingine alikiona YouTube usiku, akifika kiwanjani ana mchanganyiko ambao hakuna mwalimu duniani aliyewahi kuufundisha.

Twende upande wa fimbo na ardhi, maana hapa maoni yangu yanabadilika kabisa. Hapa kitabu kina faida kubwa, pengine kuliko hata kedi (mbeba mabegi wa mchezaji) mzuri, kwasababu ni elimu ya kitu ambacho macho hayakioni. Mfano mkubwa ni baunsi. Weji yako ya mchanga, ile fimbo ya kutolea mpira kwenye banka, ukiigeuza utaona kitako chake kimevimba na kimeshuka chini kuliko ukingo wa mbele, kwa kawaida digrii 10 mpaka 14, na kazi ya uvimbe huo ni kuzuia fimbo isizame. Gene Sarazen ndo anasifiwa kwa kuileta fimbo hiyo kwenye mashindano makubwa na akashinda nayo The Open, mashindano makubwa ya Uingereza, ya 1932, kabla ya hapo watu walikuwa wanahangaika mchangani na vyuma vyembamba. Sasa ukiuweka mpira nyuma na kuinamisha mpini kuelekea shimo, kila digrii unayoinamisha unapunguza digrii moja ya baunsi, kwa weji ya baunsi 10 ukifika digrii 10 umeshaifuta yote na umebaki na kisu kinachoangalia ardhi. Ukikosea sentimita mbili tu nyuma ya mpira, kisu kinaingia kwenye udongo. Hiyo ndo sababu ya ule mkwaju wa hatua mbili, sio kwamba jamaa ana mikono mibaya, ni kwamba amejiwekea mtego kabla hata hajaanza kurudisha fimbo. Mtu akishaelewa hilo, na inachukua kurasa tatu tu kulielewa, anarekebisha bila kufikiria kiwiko chochote.

Na huku kwetu lina uzito wake. Kiangazi ardhi inakauka inakuwa kama sementi, kitako kikubwa kinadunda na ukingo unaupiga mpira tumboni, kwa hiyo weji yenye baunsi ndogo inafaa zaidi. Masika yakija ardhi inalowa na fimbo hiyohiyo inazama. Kitabu kilichoandikwa Texas hakitakuambia habari za masika, ila kikikueleza baunsi ni nini utajua mwenyewe cha kufanya.

Kuna na hili la majani, wengi hawalifikirii kabisa. Vitabu vingi vinachukulia kwamba mbele ya grini kuna majani mafupi laini ambapo unaweza kuudundisha mpira ukaingia unabingirika. Jaribu hivyo kwenye viwanja vingi vya Nairobi na nyanda za juu ambako kuna nyasi za kikuyu, zile nene zinazotambaa. Mpira ukigusa pale unakamatwa, unakufa palepale. Nyasi hizi ni za huku huku Afrika Mashariki, mwanzoni mwa karne ya 20 zikapelekwa California kuzuia mmomonyoko wa udongo, zikasambaa mpaka leo uwanja wa Riviera pale Los Angeles feawei zake (njia za majani za kuelekea grini) ni kikuyu tupu, na wachezaji wakubwa wa Marekani wakifika pale wanalazimika kubadilisha chipu zao. Kwa hiyo mchezaji wa Limuru anayesoma sura ya kudundisha mpira mbele ya grini anasoma maelekezo ya ardhi ya watu wengine. Kwake yeye pointi ya kwanza ya kutua ni juu ya grini kwenyewe, au basi.

Hapo tumeshaingia kwenye fungu la tatu, maamuzi, ambalo kwangu ndo hasa sababu ya kununua kitabu. Kuna kanuni ya 12 ambayo walimu wengi wanaitumia: chukua 12, toa namba ya aini uliyoishika, unapata mpira utabingirika mara ngapi ya umbali utakaopaa. Aini 8 inabaki 4, yaani sehemu moja hewani na nne chini. Pichingi weji inahesabiwa kama 10, inabaki 2. Kama kutoka ulipo mpaka shimo ni hatua 15, ukiwa na aini 8 unatafuta pa kutua hatua 3 mbele yako, ukiwa na pichingi weji hatua 5, na mkono unabembea kwa namna ileile, kinachobadilika ni fimbo tu. Mtu aliyekuwa anachipu kila kitu na weji ya mchanga, mara anapiga fupi, mara anapitiliza, akipata hii anatulia, na angalia kwamba hakuna neno hata moja ndani yake kuhusu mwili.

Ila kanuni hiyo ni ya grini bapa yenye kasi ya kawaida. Kwenye klabu ndogo ambako grini zina majani marefu, au zile brauni, yaani grini za mchanga, walizozoea wazee wetu, mpira haubingiriki hivyo. Lazima utenge asubuhi moja kwenye grini ya klabu yako upime mwenyewe kwa hatua, na ukishapima namba ya kwako ndo yenye thamani, ya kitabu ilikuwa mwanzo tu. Hivyo hivyo na mfumo wa Pelz wa weji nne kwa urefu wa kubembeza mkono aina tatu, unaokupa umbali 12 unaoujua. Ni mfumo mzuri sana wa kufikiri, lakini Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, mpira unaenda mbali kuliko Dar au Mombasa kwa fimbo ileile, na jedwali ulilolijaza Nyali kule Mombasa halitakufaa ukipanda Muthaiga ya Nairobi.

Sasa tuje kwa makedi, kwasababu hoja kubwa ya wanaopinga vitabu ni kwamba makedi walijifunza bila kitabu. Ni kweli, wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza kwa kubeba mabegi, wakichipu jioni na fimbo moja ya kuokoteza, kwa dau la soda. Seve Ballesteros naye alijifunzia ufukweni Pedreña, Hispania, na aini 3 peke yake, akaja kuwa pengine fundi mkubwa wa mchezo wa karibu ambao gofu imewahi kuuona. Lakini angalia walichokuwa wanakifanya. Kila mkwaju ulikuwa tofauti na uliopita, mara kwenye mchanga, mara nyuma ya mti, mara kwenye majani marefu, na kila mkwaju ulikuwa na dau. Utafiti wa Goode na Magill wa 1986 kuhusu sevu (mipigo ya kuanzisha) za badminton ulionyesha kitu hichohicho, waliofanya mazoezi kwa kuchanganya aina za sevu walipojaribiwa baadae waliwazidi waliopiga aina moja mfululizo. Wewe na mimi tukienda mazoezini tunamwaga ndoo ya mipira mahali pamoja, tunapiga chipu thelathini za umbali uleule, kufikia ya ishirini tunajiona mafundi, halafu kiwanjani unapata chipu moja tu, mahali papya, na huirudii. Hakuna kitabu kinachoweza kukufanyia sehemu hiyo, wala hakuna kitabu kinachokukataza.

Kwa hiyo mimi ningesoma hivi. Sura za mwili nazipitia mara moja, natafuta kama kuna kosa moja kubwa la kusimama au kushika fimbo, nalirekebisha nyumbani kwenye zulia, nafunga. Sura za fimbo na ardhi nazisoma polepole na weji mkononi. Sura za maamuzi nazibeba kiwanjani, nazipima, naandika namba zangu. Na kila sentensi ya mwili inayong'ang'ania kichwani naigeuza iwe ya kitu cha nje: badala ya "usivunje kifundo", nasema "kitako kifagie majani haya hapa", badala ya "tuliza kichwa", nachagua jani moja kwenye grini mpira utakapotua. Harvey Penick, mzee wa Austin ambaye kijitabu chake cha 1992 kiliuzwa kupita kiasi, alikuwa anafundisha karibu hivyo maisha yake yote, picha fupi fupi za kushika akilini na digrii chache mno.

Kuna kundi moja tu ambalo nawaambia wasiguse kitabu chochote cha ufundi kwa sasa, nao ni wenye yipsi, yaani mkono unashtuka wenyewe kabla ya kugusa mpira. Watafiti wa Mayo Clinic wamelichunguza sana hili na kwa baadhi ya watu wanaona ni suala la neva na misuli, kwa wengine ni presha, na kwa hali zote mbili kuongeza maelekezo ya kifundo ni kumwaga petroli. Bernhard Langer aliugua yipsi za puti zaidi ya mara moja, na alichokuwa anafanya ni kubadilisha kabisa namna ya kushika fimbo, kuna kipindi mkono wa kulia ulikuwa unaubana mpini kwenye mkono wa kushoto kama mtu aliyefungwa bendeji, na Masters alizichukua mbili, 1985 na 1993. Kwa mwenye yipsi za chipu dawa ya haraka ni kuputi kutoka nje ya grini popote majani yalipo mafupi, hakuna sheria inayokataza wala aibu yoyote. Kwenye kikuyu itakwama hiyo, hapo chukua haibridi (fimbo ya mseto kati ya aini na fimbo ya mbao) uishike kama fimbo ya kuputi, uso wake umelala kiasi cha kuurusha mpira juu ya majani hatua moja ya kwanza na kuuacha ujibingirikie wenyewe.